Namna ya Kupima Dawa ya Mti kwa Panya wa Maabara Bila Kuwatesa Bure

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, au mtafiti kijana, aliyepata dawa ya mti kwa mganga au kwa bibi yake, anayetaka kujua kama kweli dawa hiyo inashusha sukari ya damu, na ambaye msimamizi wake amemwambia akaandike pendekezo la utafiti na kutafuta panya 40. Nimesoma mapendekezo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa mjumbe wa kamati ya matumizi ya wanyama, na kabla ya hapo niliandika la kwangu, ambalo leo nisingelipitisha. Nimechagua kisukari kwa kuwa ndio mfano ninaoujua kwa karibu, na kwa kuwa karibu kila swali gumu la maadili ya utafiti kwa wanyama hujitokeza ndani yake.

Mateso mengi niliyoyaona katika vyumba vya wanyama hayakuletwa na mtu katili. Yaliletwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote: nani ana ufunguo siku ya Jumapili, maji yataongezwa saa ngapi, nani ana mamlaka ya kuamua kwamba panya huyu asingoje hadi kesho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa hufanyika mezani, kwa kalamu, kabla ya panya wa kwanza kuletwa.

Anza na swali

Mwaka 1959 wanasayansi 2 wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walipendekeza mambo 3 ambayo mpaka sasa ndiyo msingi wa kamati za wanyama katika nchi nyingi: kutafuta mbadala wa mnyama pale unapopatikana, kupunguza idadi ya wanyama wanaotumika, na kuboresha utunzaji na taratibu ili maumivu na hofu vipungue. Wanafunzi wengi huyaandika mambo hayo katika aya moja ya heshima kisha wakaendelea na mipango yao kama ilivyokuwa. Kamati makini haitafuti aya hiyo. Inatafuta alama zake katika kila ukurasa: mahali ulipoacha kutumia mnyama kwa sababu ulipata njia nyingine, na mahali uliposhindwa kuipata ukaeleza kwa nini.

Kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha mti wenyewe ni ule unaoudhania. Mti mmoja unaweza kuwa na majina 4 katika wilaya 4, na jina moja likabeba miti 3 isiyo na undugu. Kata tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, ulikaushe, ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea akulinganishie na sampuli zilizohifadhiwa, kisha uandike namba ya sampuli yako. Nalisema hili katika mwongozo wa wanyama kwa makusudi, kwa sababu panya aliyekufa kwa ajili ya mti uliotajwa kwa jina lisilo lake amekufa bila kujibu swali lolote, na hakuna hesabu ya takwimu itakayomrudishia maana.

Hatua inayofuata ni kujiuliza mrija wa kioo unaweza kukwambia nini. Kama unashuku kwamba dawa inafanya kazi kwa kuchelewesha usagaji wa wanga tumboni, jaribu kwanza kama inazuia vimeng'enya vya amilesi na glukosidesi, kazi inayofanyika mezani bila mnyama. Kama unaogopa kwamba ina sumu kali, mabuu ya viumbe wadogo wa maji ya chumvi waitwao Artemia salina, ambao mayai yao makavu huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 2, yanaweza kukupa dalili ya mwanzo. Kipimo hicho kimetumika kwa miaka mingi katika utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili. Ni kweli kwamba mrija haukwambii kama dawa inafyonzwa na utumbo, wala ini litaifanya nini ikishafika huko. Hata hivyo ukiwa na dawa 6 kutoka miti 6, mrija utakusaidia kubakiza 1 au 2, na hiyo maana yake ni kwamba umewaepusha makumi ya panya.

Soma pia kwa bidii waliyofanya wengine. Kama mti wako umeshapimwa kwa panya wenye kisukari na watafiti 5, wa 6 lazima aseme anaongeza nini. Kutimiza masharti ya shahada ni haja ya mwanafunzi, na panya hawezi kudaiwa kwa ajili yake peke yake.

Kipimo cha sumu: usirithi hesabu ya mwaka 1927

Mahali ambapo nimebishana na wasimamizi mara nyingi zaidi ni hapa. Mwaka 1927 J. W. Trevan alianzisha kipimo cha kutafuta kiasi cha dawa kinachoua nusu ya wanyama wanaopewa. Kilikuwa na sababu yake wakati huo, kwa kuwa dawa kama insulini na dijitalisi, ambayo ni dawa ya moyo, zilitengenezwa zikiwa na nguvu zisizolingana, na ilibidi zipimwe kwa viumbe hai. Baadaye kikageuka desturi ya kupima sumu ya kila kitu, na wanyama kwa makumi wakauawa ili kupata namba moja yenye tarakimu za desimali ambazo hakuna daktari anayezihitaji. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, liliufuta mwongozo wake wa kipimo hicho, wenye namba 401, mwishoni mwa mwaka 2002. Bado nakutana nacho katika mapendekezo, kwa sababu kila mwanafunzi hunakili tasnifu ya aliyemtangulia.

Tumia badala yake mojawapo ya miongozo iliyochukua nafasi yake, ambayo ina namba 420, 423 na 425. Katika ule wa 423 unatumia panya 3 wa jinsia moja kwa kila hatua, kwa kawaida majike, na unaanza na kimojawapo cha viwango 4 vilivyowekwa: miligramu 5, 50, 300 au 2000 kwa kila kilo ya uzito. Yanayowapata wale 3 ndiyo yanayoamua kama utarudia kiwango hicho, utapanda au utashuka. Kama mti unanywewa na watu kwa vizazi na huna sababu ya kuushuku, unaweza kuanza na miligramu 2000 moja kwa moja. Panya 3 wakiwa salama, unarudia kwa wengine 3, na kipimo kimekwisha kwa panya 6. Kwa kila panya, mwangalie mmoja mmoja ndani ya dakika 30 za kwanza, mrudie mara kwa mara ndani ya saa 24 ukiweka mkazo katika saa 4 za mwanzo, kisha kila siku hadi siku ya 14. Mwongozo wenyewe unasema kwamba mnyama aliye mahututi au mwenye maumivu makali auawe bila mateso, na kwamba anahesabiwa sawa na aliyekufa. Sentensi hiyo ndogo inaondoa kisingizio cha kumwacha mnyama agaegae hadi asubuhi ili "data isiharibike".

Wangapi?

Idadi ya panya isitokane na mazoea. Mpelekee mtakwimu pendekezo lako kabla halijafika kwenye kamati, umwambie unategemea sukari ishuke kwa kiasi gani na vipimo vya panya mmoja hutofautiana na vya mwenzake kwa kiasi gani, naye atakupa idadi. Usipokuwa na taarifa za awali za kumpa, kuna kanuni rahisi ya kukagua: chukua jumla ya wanyama wote, toa idadi ya makundi, na jibu liwe kati ya 10 na 20. Tuchukue makundi 5, yaani wagonjwa wasiopewa dawa, wagonjwa waliopewa glibenklamaidi, yaani dawa ya kisukari ya hospitalini, na wagonjwa waliopewa viwango 3 vya dawa yako. Panya 5 kwa kila kundi ni 25, ukitoa 5 unapata 20. Panya 10 kwa kila kundi ni 50, na jibu linakuwa 45, ziada ambayo inahitaji maelezo mazuri sana.

Wachache mno nao ni kosa, na wakati mwingine ni kosa baya zaidi, kwa sababu utafiti wenye panya 2 kwa kundi utawaumiza wote 10 bila kuweza kusema lolote. Nilipokuwa mwanafunzi niliamini kwamba kupunguza ni kupunguza tu. Sivyo, kinachotafutwa ni idadi ndogo kabisa inayoweza kujibu swali. Na ili wale wachache wafanye kazi, wagawe kwa kura, wala si kwa kuwadaka wanaodakika kwa urahisi kwanza, kwa kuwa panya anayedakika upesi huenda ni mpole, mnene, au tayari mgonjwa. Anayesoma vipimo asijue panya yupi yuko kundi gani.

Chumba, matandiko na chakula

Miongozo ya kimataifa hutaja joto la nyuzi 22 za Selsiasi, likipanda au kushuka kwa nyuzi 3, na saa 12 za mwanga zikifuatwa na saa 12 za giza. Chumba kisicho na kiyoyozi cha kuaminika jijini Dar es Salaam mwezi Februari hakitakupa nyuzi hizo, na chumba cha Nairobi usiku wa Julai kitakupa baridi. Usiandike namba ya kitabuni kama hutaifikia. Andika joto halisi la chumba chako, lililopimwa asubuhi na jioni kwa wiki 2, na ueleze utafanya nini umeme ukikatika. Panya wadogo wenyewe hupenda joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo penye baridi wape karatasi laini au nyasi kavu safi wajijengee kiota. Penye joto usiwabane wengi katika kizimba kimoja, na usiweke vizimba karibu na dirisha la magharibi.

Matandiko ya vyumba vyetu vingi ni maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala. Muulize fundi mbao hizo ni za mti gani na kama zilitiwa dawa ya mchwa. Mafuta ya miti ya jamii ya misonobari na mierezi huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwa hiyo panya aliyelalia maranda hayo anaweza kuiondoa dawa yako mwilini haraka kuliko kawaida, na dawa iliyotiwa kwenye mbao inaweza kumuua kabisa. Vumbi la mbao nalo humwasha macho na mapafu. Tumia maranda mapana yaliyochekechwa.

Chakula kinanisumbua zaidi. Wengi wetu hununua chakula cha kuku, kwa sababu ndicho kilichopo dukani na bei yake inavumilika. Basi kagua mfuko: chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwa panya, na vyakula vya vifaranga mara nyingi huchanganywa na dawa za kuzuia magonjwa. Kinachotisha kuliko vyote ni sumukuvu. Sumu hiyo ya ukungu wa mahindi na karanga iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaleta ugonjwa na vifo katikati ya Tanzania, na shabaha yake ya kwanza ni ini. Mtafiti anayetafuta kama dawa yake inadhuru ini huku akiwalisha panya mahindi yenye ukungu ataishutumu dawa isiyo na hatia, au ataisifu isiyostahili. Nunua mfuko wote wa utafiti kwa mkupuo mmoja, uuhifadhi pakavu juu ya vichaga, na kama chuo kina maabara ya chakula, uombe wapime. Panya wape pia kitu kigumu cha kuguguna, maana meno yao hayaachi kukua.

Madume wazima wasiojuana usiwachanganye, watapigana usiku na utawakuta na majeraha mgongoni. Wapange wakiwa wadogo, ndugu na ndugu, na usiwavunje kundi baada ya hapo. Kumfungia kila mmoja peke yake huonekana ndiyo suluhisho rahisi, lakini panya ni kiumbe wa kundi, na upweke ni adhabu.

Mkono wako

Panya wapya wape angalau siku 5 za kuzoea chumba kabla hujawafanyia lolote, na siku hizo uzitumie kuwazoesha mkono wako. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia, kama tulivyofundishwa wote, huwa na wasiwasi mwingi kuliko anayeingia mwenyewe kwenye kibomba na kuinuliwa humo, au anayechotwa kwa viganja viwili. Kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa kiganja, kimoja kwa kila kizimba, hakigharimu karibu chochote. Hofu hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo katika utafiti wa kisukari njia ya kumshika panya ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Anayeshuku kwamba viumbe hawa wanaweza kumzoea mtu aende Morogoro, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kuwatuza chakula. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ni jamii nyingine ya panya na kazi nyingine kabisa, lakini wanaowafundisha huanza kwa kuwashika mapema na kwa upole, na somo hilo linatufaa.

Kunywesha dawa kwa sindano butu ya kulishia kunahitaji mkono uliofundishwa. Jifunze kwa panya aliyekwisha kufa, halafu kwa maji mbele ya mwalimu, ndipo uende kwa dawa. Kiasi kisizidi mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito, yaani robo ya mililita kwa panya wa gramu 25. Kwa dawa iliyoyeyushwa katika maji miongozo inaruhusu hadi mara mbili yake, ingawa mimi naona kiasi kidogo ni salama zaidi. Panya anayekohoa, anayetoa povu puani au anayehema kwa shida baada ya kunyweshwa huenda dawa imeingia mapafuni. Huyo si "kifo cha dawa" wa kuandikwa kwenye jedwali. Ni kosa la mkono, na liandikwe hivyo.

Damu ya panya wa gramu 25 haifiki mililita 2. Kwa kuchukua mara moja usizidi sehemu 1 ya 10 ya hiyo, karibu mililita 0.18, kisha umpe wiki 2 apumzike. Kipima sukari cha mkononi kinatosheka na tone moja la ncha ya mkia, na hilo peke yake limepunguza mateso mengi ya miaka ya nyuma.

Jambo la kufunga kula nalo lirekebishwe. Mapendekezo mengi husema panya "watafungishwa usiku kucha". Panya hula usiku; kumnyima chakula usiku mzima ni kumnyima karibu mlo wake wote wa siku, naye ni mdogo na hana akiba kama yetu. Kumfungisha asubuhi kwa muda wa saa 4 hadi 6 kunatosha kwa kipimo cha sukari, na maji yasiondolewe kamwe.

Siku za kumtia kisukari

Hapa ndipo mateso yanapokuwa makali na ndipo mapendekezo mengi yanapokuwa na sentensi 1 tu: "Kisukari kitasababishwa kwa aloksani." Tuifungue sentensi hiyo.

Aloksani huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Seli hizo zinapokufa humwaga insulini iliyokuwa ndani yake yote kwa pamoja, na saa chache baada ya sindano sukari ya panya hushuka ghafla. Atatetemeka, atalegea, atapata degedege na kufa gizani kama hakuna aliyemwekea maji yenye glukosi ya asilimia 5 kwa saa 24 za kwanza. Nimeona mapendekezo yaliyoomba panya 60 ili wabaki 30, kwa kuwa nusu "hufa kwa kawaida baada ya aloksani". Si kawaida hata kidogo. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inazuilika kwa glukosi na kwa mtu wa kukesha. Panga sindano asubuhi mapema, siku ya Jumatatu au Jumanne, ili saa za hatari ziangukie wakati watu wapo, na uandike jina la atakayekuja jioni na usiku. Kama bajeti inaruhusu, zungumza na msimamizi kuhusu streptozotosini, kemikali nyingine ya kusababisha kisukari, kwa viwango vidogo vya siku 5 mfululizo, ambayo huleta kisukari polepole zaidi.

Panya akishakuwa na kisukari, hali yake yote inabadilika. Anakunywa na kukojoa mara nyingi kuliko mwenzake mzima, kizimba kinalowa ndani ya siku moja, na chupa iliyokuwa ikitosha siku 3 inaisha usiku mmoja. Katika chumba kimoja nilichofanyia kazi, aliyeligundua hilo alikuwa mzee aliyesafisha vizimba, ambaye sote tulimwita Babu. Alitufuata ofisini akatuambia, "Wanangu, hawa wa rafu ya chini wanalala kwenye maji." Sisi tulikuwa na jedwali lenye safu 12 na hakuna hata moja iliyouliza kama matandiko ni makavu. Tangu siku hiyo naandika katika kila pendekezo: vizimba vya wagonjwa vibadilishwe kila siku, kila kizimba kiwe na chupa 2, na mhudumu wa wanyama aorodheshwe kwa cheo chake kama mmoja wa watu wenye haki ya kusimamisha jaribio. Wahudumu huwaona wanyama kuliko mtafiti yeyote, na kuwaacha nje ya mazungumzo ni hasara yetu na ya panya.

Kikomo cha mateso

Kila pendekezo lazima liseme, kabla ya jaribio kuanza, ni dalili zipi zitakazomtoa mnyama kwenye utafiti. Nakiita kikomo cha mateso. Kiandike kwa namba na kwa vitu vinavyoonekana, kwa sababu neno kama "akiwa katika hali mbaya" kila mtu atalivuta upande wake, hasa saa 11 jioni ya Ijumaa. Watafiti wengi hukubaliana kwamba kupoteza asilimia 20 ya uzito wa mwanzo ni mwisho. Kwa hiyo mizani iwepo na panya wapimwe kila siku katika wiki ya kwanza ya ugonjwa. Ongeza dalili nyingine: kushindwa kufika kwenye chakula au maji, mwili kuwa wa baridi mkononi, kuhema kwa shida, degedege linalorudi, jeraha lisilofunga.

Kwa maumivu yasiyo dhahiri kuna kipimo cha sura kilichotolewa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Unamtazama panya usoni katika mambo 5: macho yamebanwa kiasi gani, pua imevimba juu, mashavu yametokeza, masikio yamevutwa nyuma, na masharubu yamekaaje. Kila jambo lina alama 0, 1 au 2. Mtu anajifunza kwa picha ndani ya siku chache, na baada ya hapo hawezi tena kusema kwamba panya hawaonyeshi maumivu. Wanaonyesha, ni sisi tuliokuwa hatujui pa kutazama.

Andika pia nani anaamua. Pendekezo langu ni kwamba mtu yeyote aliye chumbani wakati huo, awe mwanafunzi au mhudumu, akiona panya amefika kikomo, ampigie simu daktari wa mifugo wa kituo, na daktari asipopatikana ndani ya nusu saa, aliyefundishwa kuua bila mateso aendelee bila kungoja ruhusa ya msimamizi.

Kumuua

Njia zisizofaa bado zipo kwenye rafu zetu. Etha huwasha koo na macho ya mnyama na inaweza kulipuka, na klorofomu huharibu ini la mnyama na la anayeitumia. Ziondolewe. Zinazokubalika ni dozi kubwa ya pentobabitoni, dawa ya usingizi, pale inapopatikana, kuvunja shingo kwa mkono wa mtu aliyefuzu, au hewa ya kaboni dayoksaidi inayoingizwa polepole kwenye kisanduku, kwa kasi ya asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa kisanduku kila dakika kama chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kilivyoelekeza mwaka 2020. Kisanduku kilichojazwa hewa hiyo kabla ya panya kuingizwa humchoma pua akiwa bado na fahamu. Hakikisha amekufa kabla hujamweka kando, na usifanye kazi hiyo katika chumba walimo wenzake. Mizoga iende kwenye tanuri la kuchomea taka. Kamwe isitupwe jalalani wala isitolewe kwa mtu kulisha mbwa.

Kamati, sheria na ripoti

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yenye masharti kuhusu majaribio. Vibali vya utafiti hupitia tume za taifa za sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, lakini kibali hicho hakichukui nafasi ya kamati ya wanyama ya chuo chako. Peleka pendekezo kwa kamati miezi kadhaa kabla, na ukirudishiwa maswali, usione kwamba unazuiliwa. Maswali yetu mengi ni yale yale ambayo panya wangeuliza.

Unapoandika tasnifu au makala, fuata mwongozo wa kuripoti uitwao ARRIVE, uliotolewa Uingereza mwaka 2010 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2020. Taja aina ya panya, jinsia, umri, uzito, matandiko, chakula, namna ulivyowagawa, na idadi ya waliokufa au kutolewa, kila mmoja na sababu yake. Kama dawa haikushusha sukari, andika hivyo kwa ukubwa ule ule ambao ungeandika kama ingeshusha, ili mwanafunzi wa mwaka kesho asiagize panya wengine 25 kutafuta jibu ambalo tayari unalo. Ambatisha na fomu yako ya kila siku kama ilivyojazwa, pamoja na safu ya matandiko makavu, kwa kuwa atakayekuja baada yako atainakili, na ni afadhali anakili hiyo.